Sura ya Casimir Ukutani

Askari wawili walipopiga hodi, Pulchérie alikuwa anasonga ugali, na mwiko ukamponyoka ukaangukia majivuni. Siku hizo hodi ya askari ilitosha kumfanya mtu mzima ajikojolee. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Waasi walikuwa wameshika Baraka, nusu ya mji imekimbilia ng'ambo ya ziwa au milima ya Fizi, na sisi tuliobaki tulikuwa tunaishi roho mkononi.

"Weye njo Mama Espérance? Ule wa mashine ya mapicha?"

"Njo mi."

"Komanda anakuita. Acha chakula."

Akaacha ugali motoni, akafunga kitenge chake vizuri, akamtazama mama mkwe wake. Mama Immaculée alikuwa amekaa mkekani akichambua maharagwe, na vidole vyake vilikuwa vimesimama. Macho yalikuwa yanauliza: wamemjua?

Maana siri ya nyumba ile ilikuwa moja, na ilikuwa siri ya kuua. Mume wa Pulchérie, Casimir, alikuwa mwenye mtumbwi kule Swima, na alikuwa amevusha vijana wa milimani waliokuwa wakipigana na waasi hao hao. Komanda alikuwa ameapa mbele ya watu sokoni kwamba atamkamata Casimir wa Swima na kumtundika pale pale kwenye mnada wa samaki. Lakini hakuwahi kumwona kwa macho. Na Casimir alikuwa wapi? Jamani, msinicheke. Alikuwa kambini, kwa komanda mwenyewe! Walimkamata njiani akiteremka kutoka Fizi kuja kumwona mama yake, wakamchanganya na wapagazi wengine, wakamwuliza jina, naye ulimi wake ukasema Safari. Tangu hapo akawa Safari, mbebaji na mlinzi wa grupu, ile jenereta ya komanda. Mji mzima ulimjua, na mji mzima ulimwita Safari. Mtoto wao tu, Espérance, ambaye hangeweza kumwona baba yake akanyamaza, alipelekwa Fizi kwa shangazi yake.

Komanda aliitwa Placide, na kama mama yake alimpa jina lile akitarajia mtoto mpole, basi pole yake. Alikuwa amekaa katika ofisi ya parokia, kwenye kiti cha padiri aliyekimbia. Mezani palikuwa na mashine ya picha, imefunguliwa gunia lake, na kando yake sanduku la bati ambalo Pulchérie aliamini padiri ameondoka nalo. 

Ndani ya sanduku lile zilikuwa diapo, zile picha ndogo ndogo za kupitisha mwanga, kila moja na fremu yake ya karatasi ngumu, mtu anaweza kuificha kiganjani. Miaka yote ya padiri, Pulchérie ndiye alikuwa mtunzaji. Alizifuta ukungu msimu wa mvua, alifuta kioo cha mashine, alitia grisi, alibadilisha taa. Alizijua zote. Na alijua kwamba humo ndani imo moja ya timu ya mpira ya Baraka, siku waliyowafunga Fizi kwenye kiwanja chao wenyewe, na katikati ya mstari wa mbele amekaa mlinda mlango, mpira mapajani, anacheka meno yote nje. Mlinda mlango huyo ni Casimir, enzi zile mnene, bila ndevu; sasa alikuwa amekonda na ndevu zimemfunika, lakini sura ile ikishaitwa jina, komanda angeitazama mpaka amtambue Safari.

Komanda aliinua diapo moja mbele ya dirisha, akafumba jicho moja.

"Batu bako humu, lakini badogo kama chawa. Nataka kubaona bakubwa." Akaishusha. "Nasikia huku kwenu, sura ya mutu ikitoka ukutani, batu bote banaita jina yake. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa balaa. Tulianza wenyewe, hakuna aliyetufundisha. Padiri alikuwa akionyesha mbu, choo, Musa na bahari yake, na mwisho akituonyesha sisi wenyewe: kisimani, kanisani, mpirani. Hapo salle, ule ukumbi wa parokia, ililipuka. Ikitoka sura ya mtu, watu wote wanamwita jina, na anayewahi kuita ndiye anayejisifu hadi nyumbani. Lakini ikitoka sura ya aliyekufa, hapo ilikuwa kinyume. Kila mtu alijiziba kinywa kwa kiganja, kimya, mpaka picha ipite. Kumwita marehemu gizani, nani alitaka kuitikiwa?

Hilo la marehemu komanda hakuwa ameambiwa.

"Ni kweli," Pulchérie akasema. Angesema nini?

"Basi tengeneza. Kesho muchana naita batu bote."

Akaanza, na ninyi fikirieni mtu anayefungua skrubu huku anaomba Mungu chombo kiwe kimekufa kabisa. Waya ulikuwa mzima. Fyuzi ilikuwa imeungua, moyo ukamruka kwa furaha, lakini fundi wa redio wa askari akatoa fyuzi mfukoni kama mtu anayetoa karanga. Taa nayo ilikuwa imekufa, nyeusi ndani.

"Taa kama hii haipatikane Baraka, komanda."

Komanda akavuta droo. Taa mpya, kutoka Uvira, bado iko kwenye karatasi yake. "Njo moja tu," akasema. "Ikikufa, na weye unakufa."

Taa zile haziguswi kwa kidole kitupu. Padiri alimwambia mara nyingi hata akachoka: mafuta ya ngozi yakibaki kwenye kioo, taa ikipata moto inapasuka. Na vidole vya Pulchérie vilikuwa bado vinanuka mawese ya mboga ya mchana. Kidole kimoja tu, akajiambia. Kugusa tu, basi. Akatazama bastola ya komanda, imelala mezani katikati ya skrubu zake. Akafuta mikono, akaishika taa kwa ncha ya kitenge, akaiweka mahali pake bila hata alama. Alijichukia kwa woga ule. Lakini woga ni woga, na wewe usiyetetemeka umshukuru Mungu wako.

Ikabaki feni. Nyuma ya mashine kuna feni ndogo inayopuliza taa, na mkanda wake wa mpira ulikuwa umeoza, unakatika vipande. Pulchérie akapata matumaini.

"Bila feni haiwezekane, komanda. Kile kioo cha kuzuia joto kilipasuka zamani. Feni isipozunguka, taa itachoma picha yote."

Komanda aligeukia mlango akapiga kelele: "Safari! Tafuta mupira ya baiskeli, leta kisu!"

Na Casimir akaingia. Pulchérie aliinamisha kichwa haraka, akajifanya anapuliza vumbi. Aliona tu miguu yake, na ule ukucha uliovunjikia mtumbwini. Casimir akakata ukanda mwembamba wa mpira, akaunga kwa uzi, akamnyooshea. Ndipo alipoliona sanduku la bati. Mkono wake ulibaki hewani.

"Asante, kaka Safari," Pulchérie akasema.

"Haya, mama."

Mkanda ukakaa, feni ikavuma, komanda akacheka na kupiga makofi. Sanduku akalifunga kwa kufuli, akampa askari alale nalo.

Jioni ile Pulchérie alikwenda uani kwa Hawa, mwuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, jirani yake wa tangu wakiwa wasichana. Hawa alikuwa na mtumbwi aliouacha marehemu mume wake na ulimi usioogopa mtu, ila siku hizo hata yeye alizungumza akiangalia ua. Pulchérie akamweleza yote.

"Akimbie," Hawa akanong'ona.

"Akimbie vipi? Analala katikati ya baaskari. Na akipotea leo, kesho sura yake itoke, batauliza nyumba yake iko wapi."

"Na batu? Batu bote bale, na batoto? Utaziba namna gani kinywa ya batu, Mama Espérance? Banaita bila hata kufikiri."

"Sijue. Sijue, dada."

Alikuwa anajua. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaufikiria ule mkanda wa feni. Lakini hakumwambia Hawa, wala mama mkwe wake, kwa sababu aliogopa kwamba neno likishatoka kinywani litasikika. Hapo alikosea, na mimi simlaumu hata kidogo. Na Hawa naye, kesho yake asubuhi, alijitwika beseni lake la ndagala akapita mlango kwa mlango, anauza kidogo na kunong'ona sana. Naye hakumwambia Pulchérie. Kila mmoja alibeba lake.

Mchana wakatuswaga ndani ya salle ya parokia kama mbuzi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, askari mlangoni, joto la kuua. Nje, nyuma ya ukuta, grupu ilikuwa inanguruma, na kila mtu alijua ni nani amechuchumaa kando yake. Mama Immaculée walimkalisha mbele kabisa pamoja na wazee wengine. Pulchérie alisimama kwenye mashine, komanda ubavuni mwake, na askari ndiye aliyekuwa amezipanga diapo, hovyo hovyo, kwa hiyo Pulchérie hakujua ile itatoka lini. Kidole chake kidogo kilikuwa nyuma ya mashine, kimegusa mpira wa baiskeli. 

Ya kwanza ilikuwa padiri kwenye pikipiki. "Padiri!" watu wakaita, sauti za kitumwa.

"Kwa nguvu!" askari akafoka.

Akatoka Nasoro na wavu wake. "Nasoro!" Akatoka mama wa kwaya, amefumba macho, anaimba. "Godelieve!" Komanda alikuwa anauliza kila mara: huyu iko wapi, huyu anafanya nini. Akatoka mzee mmoja aliyefariki kwa kipindupindu, na watu wakajiziba vinywa.

"Juu ya nini munanyamaza?"

"Alikufa, komanda," Pulchérie akasema. "Bale balikufa hatubaite hapa."

Komanda akaguna. Mashine ikalia tak, na ukuta mzima ukawa bluu.

Jezi za bluu. Kiwanja cha Fizi, milima nyuma. Na katikati, mkubwa kuliko mlango, Casimir anacheka.

Pulchérie hakungoja hata pumzi moja. Alivuta kidole, mkanda ukachomoka, feni ikafa. Grupu ilikuwa inanguruma vya kutosha kufunika. Akafumba macho, akisubiri jina la mume wake lipigwe kelele na mji mzima.

Halikupigwa.

Alipofumbua macho, aliona viganja. Katika mwanga ule wa bluu, salle yote, wazee, akina mama na watoto wao waliobebwa, wamejiziba vinywa.  Pulchérie alielewa, na machozi yakampanda. Watu wake walikuwa wamemwua Casimir ili aishi.

"Na huyu?" komanda akauliza. "Ule wa katikati?"

Hawa akasimama katikati ya watu. "Ule pia alikufa, komanda. Benzake ba timu banalia mupaka leo. Utuonee huruma, pitisha."

Pitisha! Pulchérie aliruka kwenye kitufe, lakini mkono wa komanda ukamdaka. "Acha hapo. Namutazama kwanza."

Akatafuta mkanda kwa mkono wa pili, aurudishe kabla picha haijaungua, akapapasa, akachoma vidole. Ulikuwa umeangukia ndani ya mashine. Harufu ya karatasi inayoungua ikampanda puani. Alitaka kupiga kelele, alitaka kung'oa waya, na mwili ukamgomea kabisa, umekufa ganzi. Ukutani, kwenye mpira uliokuwa mapajani mwa Casimir, doa la kahawia likatokea. Likapanda kifuani. Likavimba malengelenge. Kidevu kikakunjamana, kicheko kikaanza kuyeyuka.

Na mbele kabisa, Mama Immaculée akaona uso wa mtoto wake unaungua.

Yeye alikuwa ameambiwa anyamaze, na alikuwa amekubali. Lakini nani alimwambia ataona vile? Kiganja kikamwanguka kinywani.

"Casimir! Casimir mwanangu! Wanamuchoma! Casimir!"

Hapo ndipo nilipojua moyo wa mtu unaweza kusimama na mtu akabaki wima. Nje grupu iliendelea kunguruma vile vile, haikupunguza wala haikuzidisha. Pulchérie aliisikiliza ile sauti na kuomba: usiingie, usiingie, nakuomba usiingie.

Komanda alikuwa ameshamfikia bibi, amemkamata mkono. "Casimir wa Swima? Iko wapi? Sema!"

Bibi hakumsikia. Alikuwa ameanguka chini, anapiga sakafu, anajimwagia vumbi kichwani kama mama yeyote mbele ya kaburi, anamlilia mwanawe. Sidhani kama wakati ule alikumbuka kwamba yuko hai nyuma ya ukuta. Hawa akatupa kitambaa chake, akaangua kilio. Godelieve wa kwaya akafuata. Kisha salle nzima ikalia, na haikuwa mchezo, maana nani kati yetu hakuwa na wake wa kumlilia mwaka ule? Wengine walikuwa hawajapata nafasi ya kulia tangu vita vianze. Askari wa mlangoni, mtoto wa watu, alivua kofia.

Komanda akauachia mkono wa bibi polepole. "Alikufa wapi?"

"Ziwani," Hawa akajibu katikati ya kwikwi. "Mutumbwi ulipinduka karibu na Swima. Maiti haikupatikane."

"Na muke yake?"

Hakuna aliyeangalia kwenye mashine. Pulchérie mwenyewe ndiye aliyefungua kinywa, kwa sababu alijua angeulizwa mama mkwe wake.

"Njo mi."

"Weye?" Komanda akarudi hadi akasimama mbele yake. "Na ulitengeneza mashine bila kuniambia?"

"Uliniambia nitengeneze, komanda. Bwana yangu haukumuulize."

"Matanga sikuyaona kwako."

 "Ulikataza batu kukusanyika, komanda. Tungekaa matanga wapi?"

Na hilo lilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amelitangaza kwa megafoni. Komanda akachomoa diapo kwa ncha za vidole, akaitazama kwenye mwanga wa taa. Wachezaji pembeni walikuwapo bado. Katikati palikuwa na tundu, na mkanda umelala ndani ya mashine kama uliochomoka wenyewe.

"Basi mufanye matanga," akasema. "Naruhusu. Na baaskari yangu batakaa nanyi pale."

Matanga yakafanyika kweli. Walimnyoa Pulchérie kichwa, wakamkalisha mkekani kando ya mama mkwe wake, na watu wakaja na kuni na maji na nyimbo, na askari wakakaa kwenye benchi chini ya paa, wakinywa kahawa ya wafiwa na kutazama kila anayeingia. Pulchérie alilia kutwa. Hakuhitaji kujilazimisha. Kila mlango wa ua ulipolia, alidhani ni wao wanamleta Casimir amefungwa kamba.

Siku iliyofuata, mchana, komanda alituma gunia la unga, eti pole yake kwa wafiwa. Aliyelibeba mgongoni alikuwa Safari.

Alilitua mbele ya benchi la askari, akafuta jasho, akamwendea mke wake aliyenyolewa. "Pole, mama," akasema kwa sauti ya kusikika. "Pole na musiba."

"Asante, kaka."

Akainama kumpa mkono, kama wanavyofanya watu, na akiwa ameinama akanong'ona: "Bananituma Swima na askari mumoja kuleta mafuta ya grupu. Hawa alishamupa pombe. Mutumbwi yake iko pale. Sirudi, Pulchérie."

Pulchérie alibana mkono wake. Alitaka kumwambia nisamehe, ni mi nilikuchoma, na alitaka kumwambia Espérance ameota tena meno ya mbele. Askari mmoja alikuwa anawatazama. "Mungu akubariki, kaka," akasema. "Mupe na bibi pole."

Casimir akachuchumaa mbele ya mama yake. Bibi alikuwa anatazama ukuta.

"Mama," akasema polepole.

Mama Immaculée akainua kiganja, akajiziba kinywa.

"Mama, ni mi. Nakuaga."

Kiganja hakikutoka. Machozi yalikuwa yanashuka juu ya vidole, na macho hayakuuacha ukuta.

"Unijibu hata kidogo, mama. Sijue nitarudi lini."

Bibi akaongeza kiganja cha pili juu ya cha kwanza, akakandamiza. Uso wa Casimir ukageuka kama wa mtoto aliyefukuzwa nyumbani. Pulchérie aliona kwamba anadhani mama yake amemkana, au amechanganyikiwa na kumhesabu mfu kweli, na hakuwa na njia ya kumwambia lolote.

"Safari!" askari akaita kutoka benchi. "Unalala hapo?"

"Nakuja, chef," Casimir akaitika, akasimama, akagusa mguu wa mama yake, akatoka.

Wakakaa. Watu waliimba, waliondoka, wengine walikuja. Jua liliposhuka nyuma ya milima ya Fizi, Hawa alipita uani na beseni tupu kichwani, akawapa pole wafiwa, na alipofika kwa Pulchérie akatikisa kichwa kidogo tu: ndiyo. Mtumbwi umetoka. Askari nao walikuwa wamechoka na kahawa, wakarudi kambini kula.

Ndipo Mama Immaculée aliposhusha mikono. Midomo yake ilikuwa na alama za meno.

"Ameenda?"

"Ameenda, mama. Iko katikati ya ziwa sasa." Pulchérie hakuweza kujizuia. "Lakini juu ya nini haukumujibu? Mama, ameenda na ile uchungu."

Bibi akafuta damu mdomoni kwa pindo la kitenge.

"Mwanangu, ningefungua kinywa, jina yake njo ingetoka."